JINA LA MWAROBAINI: ASILI, MAANA NA NAFASI YAKE KATIKA ISTILAHI

Utangulizi

Katika kazi za sehemu yetu ya istilahi huletwa mara kwa mara maandishi yanayohitaji kusomwa na kurekebishwa kabla ya kupigwa chapa. Yalipata kutufikia maandishi mawili ambayo, ingawa yalitoka katika ofisi mbalimbali na yalihusu mambo yasiyolingana, yalikuwa na kosa lenye mzizi mmoja. Andiko la kwanza lilikuwa tafsiri ya kijitabu cha wakulima. Ndani yake mti uitwao na wataalamu Melia azedarach ulikuwa umeandikwa mwarobaini, na msomaji alielezwa namna ya kutumia majani na mbegu zake. Andiko la pili lilikuwa taarifa fupi yenye kichwa kilichosema kwamba mwarobaini wa malaria ulikuwa ukitafutwa. Mfasiri aliyepewa kazi ya kuipeleka taarifa hiyo katika lugha ya kigeni alifahamu kwamba watu walikuwa wakitafuta mti, na tafsiri yake ikajaa majani, magome na mizizi ambayo mwandishi hakuiwaza kamwe.

Kosa la pili lachekesha. La kwanza halichekeshi, kwa sababu matunda ya Melia azedarach yana sumu, nayo yamepata kuua watu na mifugo. Lakini makosa yote mawili yametokana na jambo moja, nalo ni kwamba jina mwarobaini hutumiwa na kila mtu bila ya kuulizwa lilikotoka, linataja nini na linaahidi nini. Neno likizoeleka sana huacha kutazamwa, kama mti wenyewe ulioko uani, ambao watu hukaa kivulini mwake kila siku wasiinue macho.

Makala haya yanakusudia kulitazama upya jina hilo. Tutaanza na muundo wake, kisha tutaueleza mti wenyewe na majina yake katika lugha nyingine, na baadaye tutajaribu kujibu swali la kwa nini idadi iliyochaguliwa ikawa arobaini. Mwisho tutatoa mapendekezo machache kwa ajili ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ambao hawana budi kulitumia jina hili katika maandishi rasmi.

Muundo wa neno

Kwa upande wa sarufi neno hili halina matatizo. Ni jina la ngeli ya M-/MI-, ambayo ndiyo ngeli ya miti. Kiambishi awali mu- kinapokutana na irabu a huwa mw-, kama ilivyo katika mwanzi; na katika wingi tunapata miarobaini, kama tunavyopata mianzi. Kwa hiyo tahajia muarubaini, inayoonekana katika maandishi kadha wa kadha na katika vibao vya wauza dawa, haifuati kanuni ya lugha sanifu katika silabi yake ya kwanza, ingawa matamshi ya wenyeji wengi hayako mbali nayo.

Sehemu ya pili ya neno ni idadi arobaini, iliyotokana na Kiarabu arba'in. Waswahili walipolipokea neno hilo walilirekebisha mara mbili. Kwanza walitia irabu kati ya r na b, kwa kuwa lugha yetu haipendi konsonanti hizo zikutane; na kwa kuwa b hutamkwa kwa midomo, irabu iliyoingia ilikuwa ya midomo pia, yaani o kwa baadhi ya wasemaji na u kwa wengine. Hapo ndipo ilipozuka tofauti ya arobaini na arubaini. Pili waliiacha sauti ya 'ain, na mahali pake pakabaki irabu mbili zinazofuatana, a na i, ambazo kila moja ina silabi yake.

Yafaa ikumbukwe kwamba mfumo wetu wa kuhesabu umeungwa kwa mbao za aina mbili. Moja hadi tano, pamoja na nane na kumi, ni maneno ya Kibantu. Sita, saba na tisa ni ya Kiarabu, na vivyo hivyo ishirini, thelathini, arobaini na makumi yanayofuata. Zamani Waswahili walikuwa na tandatu kwa sita na kenda kwa tisa. Na neno la kale la saba limetuachia fungate, ambalo leo ni siku saba za maharusi. Arobaini nayo ingeweza kuitwa makumi manne. Hivyo mwarobaini si jina la kale katika hazina ya Kibantu. Liliundwa baada ya arobaini kuwa neno la kila siku, na likaundwa na watu ambao kwao arobaini ilikuwa na uzito kuliko makumi manne.

Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni namna jina hili linavyoachana na desturi ya kutaja miti. Miti mingi ya matunda huitwa kwa tunda lake: embe huzaliwa na mwembe, chungwa na mchungwa, nazi na mnazi. Miti mingine iliyotoka ugenini imekuja na majina yake, nayo yametoholewa, kama vile mkaratusi, mjakaranda na mgrevilea. Mingine imeitwa kwa majira: mkrismasi, ule mti wa maua mekundu ambao wataalamu huuita Delonix regia, umepata jina kwa kuwa huchanua sana mwezi wa Desemba. Lakini mwarobaini hauzai arobaini. Tunda lake halina jina la pekee. Twasema tu matunda ya mwarobaini. Jina lake halikutoka katika tunda, wala katika lugha ya waliouleta, wala katika majira. Ni jina la sifa: mti umeitwa kwa kazi ambayo watu waliamini kwamba waweza kuifanya.

Mti na majina yake ugenini

Mwarobaini, ambao jina lake la kitaalamu ni Azadirachta indica, asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani ya Burma, ambayo sasa yaitwa Myanmar. Ni mti wa majani ya kijani kibichi karibu mwaka mzima, na huyapukutisha tu ukame unapozidi. Huvumilia joto na ardhi duni, hukua upesi, na kivuli chake ni kizito. Kwa sababu hizo umekuwa mti wa miji ya joto. Hapa kwetu wataalamu wa misitu hueleza kwamba uliletwa na wahamiaji waliotoka Bara Hindi katika karne ya 19. Leo waonekana pwani yote, kando ya barabara, katika viwanja vya shule, misikitini na hospitalini, na umeingia bara hadi katika mikoa yenye ukame, hata watoto huudhani kuwa mti wa asili.

Kila ulikofika ulipewa jina. Katika Kisanskriti uliitwa nimba, na kutoka hapo Kihindi kina nim, jina ambalo limeenea duniani kwa njia ya Kiingereza. Watamil huuita vembu, na Wasinhala wa Sri Lanka huuita kohomba. Wahausa wa Afrika Magharibi, ambao waliupata katika karne ya 20, waliuita dogonyaro, yaani kijana mrefu. Jina hilo, kama letu, ni la kubuniwa na wenyeji. Lakini wao walitazama kimo cha mti, na sisi tukatazama manufaa yake.

Waajemi waliuita azad dirakht-i hind, ambayo maana yake ni mti huru, au mti bora, wa Hindi. Jina hili la Kiajemi ndilo lililoingia katika sayansi. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Sweden, katika kitabu chake Species Plantarum, aliiweka miti miwili katika jenasi moja aliyoiita Melia. Mmoja aliuita Melia azedarach na wa pili Melia azadirachta. Msomaji akiyatazama majina hayo ataona mara moja kwamba azedarach na azadirachta ni neno lile lile la Kiajemi lililoandikwa kwa tahajia mbili. Mwaka 1830 mtaalamu wa Kifaransa, Adrien de Jussieu, aliutenga mti wa pili katika jenasi yake, nao ukawa Azadirachta indica hadi leo. Hivyo hata wanasayansi wenyewe walianza na jina moja kwa miti miwili, na ilichukua zaidi ya miaka 70 kuitenganisha. Jambo hili tutalirudia.

Kemia nayo ilifuata njia hiyo hiyo ya majina. Mwaka 1942 Salimuzzaman Siddiqui, mwanakemia wa Bara Hindi, alitenga kutoka katika mafuta ya mti huu kemikali chungu iliyoitwa nimbini. Mwaka 1959, nzige walipoishambulia Sudan, mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, aliona kwamba miarobaini ilibaki na majani yake wakati mimea mingine ilikuwa imeliwa. Utafiti wa namna hiyo uliongoza kwenye kemikali iliyotengwa Uingereza mwaka 1968 ikaitwa azadiraktini, ambayo huwazuia wadudu kula na kukua. Kwa hiyo katika maabara Kisanskriti kinasikika ndani ya nimbini, na Kiajemi ndani ya azadiraktini. Arobaini haimo. Jina letu halikuingia maabara, lakini limefanya jambo ambalo majina hayo hayakulifanya: limebeba ndani yake maelezo ya matumizi.

Kwa nini arobaini?

Maelezo yaliyoenea ni kwamba mti huu huponya maradhi arobaini. Hayo ndiyo maelezo ambayo mtoto hupewa na bibi yake, mwanafunzi na mwalimu wake, na mgonjwa na mganga wake. Hatuna sababu ya kuyakataa. Lakini mwana istilahi hawezi kuishia hapo, maana mara tu akiyakubali ataulizwa: ni maradhi yapi hayo arobaini? Aitafute orodha. Atapata homa, vidonda, upele, minyoo, maumivu ya meno na mengineyo. Atapata orodha fupi na orodha ndefu. Lakini hatapata orodha moja inayokubaliwa na wote inayofika arobaini na kusimama hapo. Wala hakuna aliyeuona mti huu ukishindwa na ugonjwa wa arobaini na moja akauita mwongo.

Jibu liko katika matumizi ya idadi yenyewe. Katika utamaduni wa Waswahili arobaini si hesabu tu, bali ni kipimo cha ukamilifu. Mzazi hukaa arobaini, na akitoka arobaini huwa amemaliza kipindi cha uzazi. Marehemu husomewa arobaini, na baada yake watu hurudi katika shughuli zao. Siku za mwizi ni arobaini. Wala hakuna hakimu aliyepata kuzihesabu siku hizo, ila kila mtu huelewa kwamba maana yake ni kwamba muda wake utatimia. Katika dini zote mbili kubwa za nchi zetu idadi hii ina nafasi. Nabii Musa aliahidiwa mikesha arobaini, na Mtume Muhammad alipewa utume akiwa na umri wa miaka arobaini. Biblia yasimulia mvua ya gharika ya siku arobaini na safari ya Wana wa Israeli ya miaka arobaini jangwani.

Upo mfano mmoja unaodhihirisha jambo hili kuliko mingine. Kitabu cha hadithi za Mtume kilichokusanywa na Imam Nawawi katika karne ya 13, ambacho husomwa katika madrasa nyingi za pwani yetu, huitwa Arobaini. Msomaji akizihesabu hadithi zilizomo atazikuta 42. Hakuna mwanachuoni anayelalamika kwamba jina si kweli. Arobaini katika jina la kitabu hicho ni idadi ya mkusanyo uliotimia, na mbili zilizozidi hazilivunji.

Hata lugha za Ulaya zina arobaini iliyojificha, nasi tumeipokea bila ya kuitambua. Neno karantini tunalolitumia kwa kuwatenga wagonjwa au mifugo limetokana na Kiitalia quaranta, yaani arobaini, kwa sababu ya siku arobaini ambazo merikebu zilitakiwa kukaa nje ya bandari wakati wa tauni. Hivyo Kiswahili kina maneno mawili ya afya yaliyojengwa juu ya idadi hiyo hiyo: moja lilitoka kwa Waarabu likaota matawi ya Kibantu, na la pili lilitoka kwa Waitalia kwa kupitia lugha nyingine za Ulaya. La kwanza laahidi tiba, la pili laamuru subira.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Sifa ya mti huu kuwa dawa ya kila kitu haikuzaliwa Afrika ya Mashariki, bali ilisafiri pamoja na mti wenyewe. Bara Hindi husifiwa kwa Kisanskriti kuwa sarva roga nivarini, yaani mwondoaji wa maradhi yote. Waswahili walipoipokea sifa hiyo hawakusema yote. Walisema arobaini, kwa sababu katika fikra zao arobaini ndiyo sura ya yote inayoweza kuhesabika. Hii ni tafsiri bora sana. Haikufuata neno kwa neno, bali ilichukua maana na kuiweka katika kipimo kinachojulikana na wasikilizaji. Waliolibuni jina hili hatuwajui, wala hawakukaa katika kamati. Lakini kanuni waliyoifuata ndiyo ile ile ambayo sisi twajitahidi kuifuata katika vikao vyetu.

Mtu aweza kuuliza kama arobaini hii huenda ni siku za kutumia dawa, na si idadi ya maradhi. Kwa upande wa sarufi swali hilo ni halali, maana jina lenyewe halitaji kinachohesabiwa. Lakini dawa ya mwarobaini haina desturi ya kunywewa siku arobaini, na sifa ya kuponya maradhi mengi iko katika kila nchi ambako mti huu unatumika. Maelezo ya maradhi, basi, ndiyo yenye nguvu.

Miti miwili, jina moja

Sasa tulirudie lile kosa la kijitabu cha wakulima. Melia azedarach na Azadirachta indica ni ndugu wa familia moja, na kwa mbali hufanana. Kwa sababu hiyo wananchi wa sehemu nyingi huita miti yote miwili mwarobaini. Wataalamu wa misitu wamejitahidi kuitenga: katika maandishi yao huonekana mwarubaini kamili kwa Azadirachta indica na mmelia kwa Melia azedarach. Sifa hiyo ya kamili ni ushahidi kwamba mkanganyiko umekwisha kuonekana, maana hakuna anayesema kamili isipokuwa anapojua kwamba uko usio kamili. Kwa Azadirachta limeandikwa pia jina mkilifi, ambalo lafanana na jina la mji wa Kilifi wa pwani ya Kenya.

Tofauti za miti hiyo si ngumu kuzijua. Jani la mwarobaini lina uti mmoja wa katikati, na vijani vyake vyenye meno kama ya msumeno vimepangwa pande zake mbili. Jani la mmelia hugawanyika mara mbili: uti mkuu una matawi, na vijani vimeota juu ya matawi hayo. Maua ya mwarobaini ni meupe, na ya mmelia yana rangi ya zambarau. Mmelia hupukutisha majani yote katika majira yake, na matunda yake ya manjano hubaki yakining'inia juu ya matawi matupu. Mwarobaini hauwi hivyo ila kwa nadra. Mwalimu aweza kuwafundisha wanafunzi wake tofauti hizo kwa saa moja chini ya miti yenyewe.

Linalotuhusu sisi ni kwamba tofauti hiyo, ambayo jicho laweza kuiona, kalamu imeifuta. Linnaeus aliipa miti miwili neno moja la Kiajemi. Sisi tumeipa idadi moja ya Kiarabu. Wanasayansi walisahihisha mwaka 1830. Nasi yatupasa kusahihisha, kwa kuwa msomaji wa kijitabu hana njia ya kujua kwamba neno lililochapwa halitaji mti ulioko shambani mwake.

Ieleweke pia kwamba mwarobaini wenyewe si dawa isiyodhuru. Mafuta ya mbegu zake yamepata kuwaletea watoto wachanga walionyweshwa madhara makubwa, na hata vifo. Jina la sifa humtia mtu moyo wa kuthubutu. Mzazi anayesikia arobaini husikia ahadi, na ahadi haitaji kipimo cha kijiko wala umri wa mtoto. Hilo si kosa la jina. Majina hayaandikwi na madaktari. Lakini mfasiri wa maandishi ya afya hana budi kulijua, ili asiliongezee jina nguvu ambayo tayari linayo.

Jina lapata maana mpya

Katika miaka ya karibuni neno mwarobaini limevuka mpaka wa mimea. Katika magazeti ya Tanzania, na katika hotuba za viongozi, twasoma na kusikia kwamba mwarobaini wa uhaba wa maji umepatikana, au kwamba sheria fulani ndiyo mwarobaini wa migogoro ya ardhi. Hapo mti haupo kabisa. Neno limekuwa na maana ya suluhisho la hakika kwa tatizo lililoshindikana. Jambo la kuangaliwa ni kwamba katika matumizi hayo arobaini nayo imetoweka: dawa ya mambo mengi imekuwa dawa ya jambo moja sugu. Maana imepanda kwa upande mmoja na kupungua kwa upande mwingine.

Hatuoni ubaya wa ukuaji huo. Lugha hai hupanua maana za maneno yake, na sitiari hii imetoka katika ua wa Mswahili, haikuazimwa. Yafaa kusema pia kwamba si sisi peke yetu tulioona katika mti huu mfano wa suluhisho. Mwaka 1992 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilichapisha kitabu juu yake, na jina la kitabu hicho, kwa Kiswahili, ni Mwarobaini: Mti wa Kutatua Matatizo ya Dunia. Wataalamu hao walihitaji maneno kadhaa kusema lililokwisha kusemwa na wazee wetu kwa moja.

Lakini sitiari ina mahali pake. Mtu akiandika kwamba wataalamu wanatafuta mwarobaini wa malaria, msomaji ana haki ya kuuliza kama wanatafuta dawa au wanachunguza mti, kwa sababu majani ya mti huo huo hutumiwa na wananchi wengi dhidi ya homa. Katika habari za maji sitiari haina hatari. Katika habari za tiba, kilimo na misitu sitiari na mti hukutana katika sentensi moja, na mfasiri huanguka katikati.

Jina pia ni hifadhi ya maarifa. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni moja ya Marekani, pamoja na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, hataza ya njia ya kuua kuvu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Wapinzani walionyesha kwamba matumizi hayo yalikuwa yakijulikana India kabla ya hapo; hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufani ikakataliwa mwaka 2005. Shauri hilo halikuamuliwa kwa majina, bali kwa ushahidi wa watu walioutumia mti. Hata hivyo lina funzo kwetu. Maarifa yasiyoandikwa ni rahisi kudaiwa na mwingine. Jina linalotaja matumizi, likiandikwa katika kamusi pamoja na maelezo yake na mahali linapotumika, ni sehemu ya kumbukumbu hiyo.

Mapendekezo

Kutokana na hayo twapendekeza mambo yafuatayo.

Kwanza, tahajia ya maandishi rasmi iwe mwarobaini, wingi miarobaini. Muarubaini na mwarubaini yatajwe katika kamusi kama vibadala, yasitumiwe katika vitabu vya shule wala nyaraka za serikali.

Pili, jina mwarobaini, peke yake bila ya sifa ya kamili, litaje Azadirachta indica tu. Melia azedarach iitwe mmelia. Katika kila andiko la tiba, kilimo au misitu jina la kitaalamu liandikwe mara ya kwanza mti unapotajwa, ili msomaji wa mahali ambapo mazoea ni mengine asipotee.

Tatu, mkilifi na majina mengine ya mahali yakusanywe na kuhifadhiwa. Kusanifisha si kufuta. Jina la mahali huweza kutufaa kesho kwa mti ambao leo hatujauona.

Nne, matumizi ya mwarobaini kwa maana ya suluhisho yakubaliwe katika kamusi kama maana ya pili, lakini yaepukwe katika maandishi ya afya na mimea. Huko mwandishi atumie tiba, dawa, kinga au ufumbuzi, kila neno kwa mahali pake.

Kwa ajili ya majadiliano twatoa kielelezo hiki cha maelezo ya kamusi:

mwarobaini nm mi- [u-/i-] 1 mti wenye majani machungu ya kijani yaliyopangwa pande mbili za uti mmoja, maua meupe na matunda madogo, unaotumiwa kwa kivuli, dawa na kufukuzia wadudu, Azadirachta indica. 2 (sitiari) suluhisho la hakika la tatizo sugu: Barabara hii ndiyo ~ wa shida ya usafiri kijijini. [kutokana na arobaini, idadi ya maradhi ambayo mti huo husemwa kuyaponya]

Wasomaji wetu waone kwamba katika asili ya neno tumeandika husemwa kuyaponya, wala hatukuandika huyaponya. Kitenzi hicho kimoja kilitugharimu mjadala mrefu kuliko sehemu nyingine zote. Kamusi ina wajibu wa kueleza kwa nini watu walilitoa jina, lakini haina mamlaka ya kuandika cheti cha daktari.

Hitimisho

Tumeona kwamba mwarobaini ni jina lililoundwa na Waswahili wenyewe kwa mti uliotoka mbali, kwa kutumia idadi iliyotoka Uarabuni na kiambishi cha Kibantu. Tumeona kwamba arobaini yake si ya kuhesabiwa, bali ni ya ukamilifu. Tumeona pia kwamba jina lililoenea sana laweza kuficha tofauti ambayo ni ya uhai na mauti.

Mwalimu akiulizwa darasani maradhi arobaini ni yapi, asione haya kusema kwamba orodha haipo. Awapeleke wanafunzi wake nje, awaonyeshe jani lenye uti mmoja na jani lililogawanyika mara mbili, kisha awaulize ni lipi la mwarobaini. Wakijua kujibu hilo, jina litakuwa limefanya kazi yake.